Meno ya Kusomea Thaa

Wiki tatu zilizopita nilikabidhi funguo za kabati la vyombo, nikala pilau ya kuagwa ambayo, kwa jinsi mlivyonisifu, ilikaribia kuwa pilau ya hitima. Nilishika tonge nikiwaza: hawa wanajua kitu gani kuhusu afya yangu ambacho mimi sikijui? Lakini nipo, Alhamdulillahi, nimekaa nyumbani kwangu Chiwata, na mikono bado haitetemeki.

Mliniomba niwaandikie machache ninyi mliobaki kwenye kiti cha meno. Vyeo sitavieleza, maana havikuwa vingi, na vile vichache vilikuja na mafaili tu. Nitawaeleza jinsi nilivyoanza kazi kwa kumtukana bibi wa watu, na kilichofuata.

Nilipangiwa Newala nikiwa kijana, nimetoka chuo cha matabibu wa meno na cheti ambacho wino wake ulikuwa bado unanuka. Mimi ni Myao wa bondeni. Kwetu, ukimtaja Mmakonde wa mlimani, mtoto hukimbilia kuchora uso wenye chale na meno yaliyochongwa. Nilipanda mlima na picha hiyo kichwani, pamoja na godoro na birika.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Chikoti, tabibu mkongwe, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mwenye vidole vinene ambavyo ungedhani haviingii hata mdomoni mwa ng'ombe. Viliingia mdomoni mwa mtoto na mtoto asijue. Vyombo tulivichemsha kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la mafuta ya taa. Mashine ya kutoboa jino tuliikanyaga kwa mguu kama cherehani. Ukichoka wewe, mgonjwa ndiye anayejua. Koleo la kung'olea Mzee alilificha ndani ya mkono wa koti lake jeupe, akimwuliza mgonjwa habari za mikorosho, na kabla jibu halijaisha jino lilikuwa kwenye kibakuli.

Siku ya kwanza alinipa sheria moja tu. "Kijana, kabla hujamfungua mgonjwa mdomo, funga wako."

Niliitikia kwa adabu. Nilidhani ananifundisha kuvaa barakoa.

Mwezi wa tatu, Mzee akiwa nyuma ya pazia anapanga dawa, akaingia bibi mmoja, Bibi Esha, amemshika mkono mjukuu wake. Mtoto alikuwa wa miaka minane hivi, jina lake Mshamu. Nywele zake zilikuwa chache na laini kama za mahindi machanga, ngozi kavu, macho yanacheka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea huyu. Meno yake hayaji."

Nikamwinamisha mtoto, nikatazama. Juu, mbele, kulikuwa na meno mawili tu, yameachana, kila moja limechongoka kama ncha ya mkuki. Nyuma magego mawili. Chini fizi tupu, laini kama za mtoto mchanga. Nikanyanyuka na sauti ya mtu mwenye cheti.

"Bibi, nani kamchonga mtoto huyu?"

"Kamchonga nini?"

"Meno. Haya yamechongwa, na mengine yamevunjika katika kuchongwa. Mambo haya yamepitwa na wakati, Bibi. Mnawaumiza watoto, mnatumia vyombo visivyochemshwa…"

Nikaendelea. Nilikwenda urefu wa hotuba ya Ijumaa, pamoja na ile ya pili. Bibi Esha alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akafungua mdomo wake. Safu nzima, juu na chini, imechongwa kwa ustadi kama msumeno mpya, na hakuna hata jino moja lililooza.

"Haya yangu alichonga marehemu babu yangu kwa patasi, nikiwa mwali. Nililia siku mbili. Ya huyu mtoto alichonga Nnungu mwenyewe, na mtoto hakulia. Sasa nenda kamwulize Mungu kwa nini hakuchemsha vyombo."

Nyuma ya pazia nikasikia kiti kinaanguka, na mtu mzima anakohoa kikohozi kisichokuwa na ugonjwa.

"Twende, Mshamu," Bibi akasema. "Huyu Myao mwenyewe bado anaota meno."

Walipoondoka, Mzee Chikoti alitoka akijifuta machozi kwa pamba ya hospitali. Alipomaliza kucheka, uso wake ukabadilika. "Kesho utakwenda kumwomba radhi. Na usiende mikono mitupu."

"Nipeleke nini, Mzee?"

"Uko Newala, halafu unauliza? Maji."

Ninyi wa siku hizi mnaofungua bomba hamwelewi. Pale mlimani ardhi haitoi maji. Akina mama waliyafuata chini kabisa bondeni na kuyapandisha kichwani. Kesho yake saa sita mchana nikasukuma baiskeli yenye madumu mawili, huku wanawake njiani wakiniuliza nimemposa nani.

Bibi Esha hakunijibu salamu kwanza. Alichukua dumu moja, akachota kikombe, akammwagia Mshamu kichwani. Mtoto alikuwa amekaa kivulini, amejifunga kanga iliyolowa, anahema mbio mbio kama aliyetoka kukimbia, na hakuwa amekimbia popote.

"Hatoki jasho," Bibi akasema. "Tangu azaliwe, hata tone. Jua likiwaka, anawaka nalo."

Nikakaa chini. Ndipo akanieleza. Alikuwa na mtoto wa kiume, mjomba wa huyu, naye akiitwa Mshamu. Meno yale yale, nywele zile zile. Mwezi wa kuokota korosho, joto likiwa kali, akashikwa na homa.

"Tukamfunika blanketi mbili," akasema, "ili jasho limtoke." Akatazama dumu. "Halikutoka. Halafu, matanga hayajaisha, watu wakasema mimi ndiye niliyemchonga, kwa uchawi. Nimekaa na neno hilo miaka yote. Jana nikalisikia tena, hospitalini."

Katika meno yote niliyong'oa na maneno yote niliyosema kazini, neno lile ndilo ningependa kulirudisha mdomoni. Nikamwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa, akanisogezea kigoda, na hapo nikajua nimesamehewa nusu. Nusu nyingine ilibaki mikononi mwa Mshamu, ambaye huzuni yetu haikumhusu.

"Wewe ndiye wa meno?" akaniuliza.

"Ndiye mimi."

"Yangu yataota lini? Maalimu anayasubiri."

Maalimu Bakari alikuwa mwalimu wa chuo chao, pale watoto wanapofundishwa kusoma msahafu. Kila mwaka, siku ya maulidi, mtoto mmoja husoma mbele ya watu wote. Mshamu alikuwa amehifadhi kuliko wenzake wote, hata wakubwa, lakini mara mbili alipitwa. Kuna herufi zinazohitaji meno ya mbele. Thaa hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa kingo za meno ya juu; mimi mwenyewe nilijifunza thaa kwa bakora. Mshamu akiitamka, ulimi ulipita kati ya ile mikuki miwili na upepo ukatoka bure. Faa ilikuwa hivyo hivyo. Na mtu anayejua anajua kwamba ukibadili herufi umebadili maana.

Nikaenda kwa Maalimu. Sikumkuta mtu mkali. "Mimi simkatazi," alisema. "Nakilinda kisomo, na namlinda mtoto asichekwe. Niletee thaa yenye thaa ndani yake, nitamkalisha mbele ya watu. Maulidi bado miezi mitano."

Tulimpiga Mshamu picha ya taya. Nilipoinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha, chini ya fizi hapakuwa na kitu. Meno yenyewe hayakuwamo. Nikaona nisimdanganye.

"Mshamu, meno hayajachelewa. Hayapo kabisa."

Alifikiri kidogo. "Kumbe Maalimu naye atasubiri sana." Halafu akasema, kama mtu anayeagiza stuli, "Basi yatengenezwe."

Jina la ugonjwa ule nililipata miaka mingi baadaye kwa daktari bingwa aliyepita. Ni wa kurithi: ngozi, nywele, meno na vile vitundu vya jasho haviumbiki kikamilifu. Kwa familia kama ile unapita kwa mama na kuwashika zaidi watoto wa kiume, ndiyo maana mjomba na mpwa walifanana. Bibi Esha alipotajiwa jina lenyewe alisema ni refu kuliko mtoto. Lakini alilitaka liandikwe kwenye karatasi, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Neno lake la kuwajibu watu alikuwa amelipata.

Turudi kwenye meno. Fundi wa meno bandia wa karibu alikuwa Ndanda, jina lake Tadei. Kwenda huko maana yake kushuka kutoka kwenye upepo wa mlimani na kuingia kwenye joto la Masasi. Tukaomba nafasi kwenye gari la chanjo, tukaondoka alfajiri, mimi, Bibi Esha, Mshamu na dumu letu. Nilipiga hesabu kwamba jua litatukuta Ndanda kivulini. Sikuhesabu pancha.

Gurudumu lilipasuka chini ya yale majabali ya Masasi, na dereva Athumani alikuwa mtu wa kufungua nati moja na hadithi mbili. Maji yetu yakaisha. Mshamu akaanza kuwa mwekundu, maneno yake yakawa mafupi, kisha yakakoma. Bibi Esha alimshika akaniangalia. Nilijua anahesabu blanketi.

Nikafungua nyuma ya gari, nikakuta dumu lingine.

"Hilo ni la rejeta!" Athumani akapiga kelele. "Gari litachemka!"

"Na huyu ni rejeta pia!" nikajibu, nikammwagia mtoto maji yote, kichwani, kifuani, mgongoni, kisha tukampepea kwa kadi za chanjo. Sijawahi kupepea kitu namna ile, nikimtaja Mungu kwa kila pepeo. Baada ya muda Mshamu akafungua jicho moja.

"Maji yana kutu," akasema.

Nililia, na nilisingizia vumbi. Gari lilichemka kweli mara mbili kabla ya Ndanda, na Athumani hakunisemesha mpaka mwaka uliofuata. Kwa sababu hiyo andikeni hivi kwenye madaftari yenu: mtoto wa namna hii apewe nafasi ya kwanza asubuhi, akae penye upepo, na maji yawe karibu kabla ya koleo.

Fundi Tadei alikuwa mchonga vinyago kabla ya kuhamia kwenye meno. Alimtazama Mshamu, akanitazama mimi. "Mtoto anakua. Meno ya bandia hayakui. Utaniletea kila akirefuka?"

"Nitakuletea."

"Na unasema yawe ya kutamkia nini?"

"Thaa."

"Nimechonga mpingo miaka kumi. Nimechonga mashetani, simba, mkuu wa wilaya mmoja. Sijawahi kuchonga thaa. Na mimi mwimba kwaya! Padri akiniuliza nitasemaje?"

"Mwambie unamhudumia jirani."

"Jirani mwenyewe anasemaje?" akamwuliza Mshamu.

"Nataka ya juu yawe makubwa," Mshamu akasema, "na ya chini uyachonge kama ya Bibi."

Bibi Esha akamfinya, lakini niliona amefurahi. Tadei alipompa ule uji mzito wa kuchukulia alama ya kinywa, wenye ladha ya tunda, tulitegemea atatapika kama wengi. Alisubiri ukauke, ukatolewa, akauliza kama kuna mwingine.

Meno yalikuja baada ya wiki chache, mazuri, yasiyochongoka kwa sababu nilikataa. Ile mikuki miwili ya juu hatukuing'oa. Tadei aliitumia kama vigingi vya kushikia. Nami nikaingia kwenye kazi ambayo chuoni hatukufundishwa. Kila Alhamisi jioni, wagonjwa wakiisha, Mshamu alikaa kwenye kiti akisoma herufi, nami nikisikiliza. Thaa ikitoka nzito, ninakwangua kidogo nyuma ya meno. Faa ikipuliza, ninafupisha ukingo. Siini ilituchosha wiki mbili nzima, ikipiga mluzi mpaka mbwa wa mlinzi anakuja. Mzee Chikoti, ambaye hakujua hata alifu, alifikia mahali pa kusema kutoka nyuma ya pazia, "Hiyo bado."

Lakini mtoto ni mtoto. Alipogundua kwamba meno yanatoka, amani ikaisha Newala. Aliyaacha kwenye kata ya maji ya jirani. Alimwuma mwenzake bila kusogea mahali alipokaa. Shuleni mwalimu alimwona anatafuna, akakinga kiganja na kusema, "Tema hicho unachotafuna, sasa hivi!" Mshamu, mtoto mtiifu, akatema. Naambiwa mwalimu alitoka darasani kwa kupitia dirishani.

Bibi Esha aliniletea malalamiko ya mtaa mzima. "Ulimpa meno ya kusomea. Huyu anayatumia kama panya wa mfukoni."

Nikamwita Mshamu, nikamwambia kwamba meno yanayolegezwa kwa mchezo yatalegea siku ya kusoma. Aliapa kuacha. Aliacha siku nne.

Ikafika wiki ya maulidi. Maalimu Bakari alimjaribu faraghani, mara moja, macho yamefumbwa. Alipofumbua alisema tu, "Utakaa mbele."

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, watu walijaa uwanjani. Bibi Esha aliloweka kanzu ya mjukuu na kumvalisha mbichi, akamketisha upande wa upepo. Miongoni mwa akina mama walikuwamo waliomwita mchawi kwa miaka yote ile. Niliwaona, naye aliwaona. Mzee Chikoti alikuja, akakaa nyuma kabisa na kofia ya kuazima iliyomfika masikioni.

Mshamu akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, na ilipofika thaa ya kwanza nilijikuta nimeminya goti la mtu nisiyemjua. Thaa ikatoka. Faa ikatoka. Siini ikapita bila kumwita mbwa. Watu wakaanza kutikisa vichwa.

Halafu, katikati, nikaliona. Wengine wote walikuwa wanasikiliza. Mimi peke yangu nilikuwa natazama meno. Bamba la juu, lile lililobeba meno ya bandia, lilishuka upande mmoja, kidogo, kama mlango ulioacha bawaba. Zile siku za kata na kiganja cha mwalimu zilikuwa zinadai haki yake. Akisema neno moja zaidi, meno yanaanguka mapajani, mbele ya wale akina mama.

Mshamu alifika mwisho wa neno, mahali ambapo msomaji anaruhusiwa kutua, akatua. Akafumba macho. Akainua uso taratibu. Ndani ya mdomo uliofungwa, ulimi ukabana bamba juu, ukalisukuma kaakaani mpaka nikaona shavu limetulia. Mzee mmoja akasema, "Allah, Allah," akaanza kulia. Kisha Mshamu akaendelea mpaka mwisho, na kila herufi ikakaa mahali pake.

Maalimu Bakari alisimama, amelowa machozi. "Ndugu zangu, mmesikia kusoma. Lakini mmesikia kile kituo? Mtoto wa miaka minane anatua vile, kwa khofu ya Mungu!"

Mshamu alinitazama. Mimi nilitazama mikeka. Bibi Esha, aliyenitazama mimi na kumtazama yeye, alielewa kila kitu. Akacheka wazi wazi, safu zote mbili za ule msumeno, mbele ya wale akina mama. Mmoja wao akasogea, akamshika mkono.

Baada ya Mshamu niliuliza kwanza. Alipoletwa Adelina wa huku Chiwata, msichana ambaye mifupa yake ilivunjika kama kijiti kikavu na meno yake yalikuwa ya rangi ya kahawia yanayoangaza, sikumwambia mama yake kwamba anampa chai nyingi. Nilimwuliza Adelina mwenyewe nimshike wapi. "Kidevu ushike kama yai uliloazima," alisema, "na nikisema basi, basi." Sikuwahi kumvunja. Wote wa namna hiyo walionijia walikuwa wameshajifunza miili yao kabla yangu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza, na kukubali kuchekwa.

Mshamu tulimbadilishia meno kila alipokua, mpaka alipoacha kukua. Mzee Chikoti na Bibi Esha wametangulia, Mungu awarehemu wote wawili. Maalimu Bakari alipozeeka, chuo alimwachia Mshamu, aliye na wanafunzi zaidi ya thelathini sasa na feni mbili.

Wiki iliyopita nilipanda Newala kumsalimia. "Shikamoo, Daktari," akasema, akaniweka kwenye mkeka, akawaamuru watoto wasome. Wakasoma ile ile aliyosoma yeye siku ile, sauti moja. Walipofika mahali pale, wakatua wote. Wakafumba macho. Wakainua nyuso taratibu. Kisha, watoto thelathini na kitu wenye meno yao wenyewe, imara, ya kuzaliwa nayo, kila mmoja akasukuma ulimi kaakaani kwa nguvu mpaka shavu likatulia, ndipo wakaendelea.

"Wanatua vizuri," nikasema.

"Ndivyo tulivyopokea," Mshamu akajibu, na jicho moja likanicheka.